Namba za Seremala

Ghislaine Maufroy alikuwa na asubuhi moja tu ya kuiokoa nyumba yake. Barua ya kubomoa ilishafika: nyumba imeinama, ni ya juzijuzi, haina thamani ya urithi. Ya juzijuzi! Nyumba aliyozaliwa bibi yake! Leo mkaguzi wa majengo ya kale, Bi. Thévenin, alikuwa anakuja kuitazama kwa mara ya mwisho, na Ghislaine, na miaka yake sabini na moja, alikuwa juu ya ngazi anabandua plasta ya sebule kwa nyundo, akitafuta chochote cha kale cha kumwonyesha.

"Bado unajisumbua tu, jirani?" Fulbert alichungulia dirishani. Nyumba zao ziliegemeana, na yeye ndiye aliyetangulia kutia sahihi ya kubomoa, eti apate mwanga jikoni.

"Nenda kakaange vitunguu vyako huko!"

Plasta ikaporomoka. Nyuma yake kulikuwa na nguzo ya mwaloni yenye alama ya patasi: mstari mmoja. Ya pili, miwili. Ya tatu, mitatu. Ya nne, minne.

Bi. Thévenin alipoingia alitupa mkoba sakafuni. "Mama wee! Namba za seremala! Walichonga fremu nzima chini, wakaipa kila nguzo namba, ndipo wakaisimamisha. Hii ni ya miaka mia tano!" Halafu akasita. "Ila nguzo zilizookotwa kwenye nyumba nyingine nazo huwa na namba. Lazima nizione zimefuatana mpaka nguzo ya kona."

Ya tano ilikuwa ya mwisho, imegusana na nyumba ya jirani, wala haikuwa ya kona. Ghislaine akashusha nyundo. Kisha wote wawili wakageuka, wakautazama ukuta wa Fulbert.

"Kwangu? Thubutu!" Fulbert akafoka kutoka dirishani.

"Bwana, kama ni fremu moja, hii ikibomolewa na yako inalala chini," Bi. Thévenin akamwambia.

Fulbert aliingia mbio, akampokonya Ghislaine nyundo, akakimbilia jikoni kwake, akaushambulia ukuta kama mwenye ugomvi nao. "Sita!" akapiga kelele. "Saba! Nane, ya kona! Njooni muone!"

Ghislaine alikuwa anacheza katikati ya vifusi, machozi yanamtoka, wala hakuona aibu. Bi. Thévenin alikwenda kuzitazama zote, akarudi, akakalia ndoo, akaanza kuandika: nyumba moja, ilindwe yote, asibadilishe mtu hata dirisha.

"Andika, mama!" Fulbert alihimiza, vumbi mpaka kwenye kope. "Mbona kalamu yako nzito hivyo? Jirani, mwambie aandike!"

"Jirani gani tena?" Ghislaine akamvutia kiti sebuleni. "Kaa unywe kahawa, hapa ni kwenu."