Mbwa Si Wetu

"Si wangu!" Eduvina alisema kwa mara ya nne. "Nikuapie kwa nini, ndugu yangu? Hawa mbwa si wangu!"

Mlinzi wa geti la hifadhi, kijana aitwaye Ulises mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliwahesabu tena. Watano. Walikuwa wamejipanga nyuma ya Eduvina na mumewe, ndimi nje, kama watoto wa chekechea wanaosubiri maziwa.

"Mbona wamekufuata, mama?"

"Waulize wao."

"Sheria ya hapa ni moja. Mbwa ana kamba shingoni na mwenyewe yumo daftarini. La sivyo, nyote mnarudi mjini."

"Sisi tupite, wao uwazuie!"

"Jumapili niliwazuia wanane." Ulises aligeuka, akawaonyesha suruali yake ilivyoraruka kwa nyuma. Hakuhitaji kueleza zaidi.

Eduvina alitazama saa. Saa tano kasoro dakika kumi. Kibanda cha kuchomea nyama kilikuwa ufukweni, upande wa pili wa ziwa, mwendo wa saa nzima kwa njia ya mlimani. Aliyekikodi hushikiwa hadi saa sita. Ikipita hapo anapewa mwingine. Baba yake, mzee Fidelmo, alikuwa anatimiza miaka themanini leo, na muda huu alikuwa anapanda boti na ndugu kumi na saba. Mzee alishasema mapema: "Mwaka jana mlinilisha keki ndani ya gari. Mwaka huu nataka moto na nyama, au msinizike."

Eduvina akamgeukia mumewe. Nolberto alikuwa anaikodolea macho volkano ya ng'ambo ya ziwa kana kwamba imechipuka usiku wa jana.

"Nolberto. Mgongoni una nini?"

"Begi."

"Ndani?"

"Mguu wa kondoo."

"Na pale stendi uliwapa nini hawa?"

"Soseji moja tu."

"Moja, mbwa watano?"

"Niliikata vipande vitano."

Eduvina aliwainulia mbwa kidole, kile kile kinachowanyamazisha wanawe wanne. Alitaka waondoke. Wote watano waliketi chini kwa pamoja, wakamtazama kwa heshima.

"Mbwa wa mtu baki haketi hivyo," alisema Ulises.

"Basi ubaki nao hapa," Eduvina alimwambia mumewe.

"Nikibaki na nyama, mzee atakula moshi. Ukiibeba wewe, watakufuata wewe."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi zaidi kwa kuwa kweli. Mshale wa saa haukuwa unamsubiri mtu.

"Lete daftari," alisema.

Ulises akalishikilia kifuani. "Fikiri kwanza, mama. Ukiandika, ni wenu mpaka wafe. Chanjo, chakula, kinyesi, vyote juu yenu."

"Lete, nimesema."

Eduvina akalichukua, akaandika kwa herufi kubwa: MWENYE MBWA, NOLBERTO PAILLÁN.

"Mke wangu!"

"Si umelilia mbwa tangu tuoane?"

"Mmoja!"

"Mungu kakuzidishia."

"Na majina yao?" aliuliza Ulises, akilichukua tena daftari.

"Andika ya dada za mume wangu. Ercilia, Zunilda, Orfelina, Delfina, Uberlinda."

"Huyu Uberlinda ni dume, mama."

"Andika tu. Atazoea."

"Kamba je?"

Eduvina alitia mkono kwenye begi la mumewe, akatoa kisu cha nyama na ule wavu mpya wa kujilaza, ambao Nolberto alikuwa ameota wiki nzima kuufunga kati ya miti miwili. Nolberto akafumba macho. Wavu ukakatwa vipande vitano, kila kimoja kikafungwa shingoni mwa mbwa, na ncha zote tano kiunoni mwa Nolberto.

Ulises akafungua geti.

Eduvina akalivaa yeye begi la nyama, akatangulia kwa hatua ndefu. Mbwa wakaliona linaondoka, wakaruka wote kwa pamoja, na Nolberto akawafuata mlimani, miguu yake ikigusa chini mara mojamoja tu.