Viatu Visivyo na Tope

Harith alizaliwa Ohio, Marekani, kwa wazazi wa Kipemba. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alikuja London kujiunga na timu ya vijana ya klabu moja kubwa, akafikia mtaa wa Edmonton kwa shangazi yake, Jokha. Tangu Agosti hadi Machi hakuchezeshwa mechi hata moja. Kila Jumamosi alirudi na viatu vyake vya mpira mkononi, vikavu kama alivyotoka navyo. Na Jokha, aliyekwisha kutandika gazeti kuukuu mlangoni kwa ajili ya tope, alilikunja tena.

"Leo wenzangu wamenicheka tena," Harith alisema Jumamosi moja. "Nimesahau, nikasema soka. Kwao hilo ni neno la Kimarekani."

"La Kimarekani? Redio ya Unguja ilikuwa ikisema soka baba yako hajaota hata ndevu! Walete hapa niwafunze."

Harith alicheka kidogo, kisha akatoa lililokuwa likimkaba: klabu ya mji wao, kule Ohio, ilikuwa imempa nafasi katika kikosi cha kwanza. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa.

Usiku ule baba yake, Himid, aliyekwisha kupata habari hizo, alipiga simu kutoka Ohio. Hakungoja salamu ziishe.

"Urudi ufanye nini? Mpira uko Uingereza. Huku watoto wanapelekwa mazoezini na mama zao, wakimaliza wanagaiwa machungwa."

"Lakini wanacheza, baba. Nami nataka kurudi nicheze soka."

"Mpira, Harith! Miezi yote hiyo hujajua huko wanauitaje?"

"Nimejua. Jina lake wamenifunza. Kuucheza, bado."

"Mpe shangazi yako."

Jokha aliipokea simu. "Kaka, mtoto anaoza kwenye benchi."

"Anajifunza. Msikitini kila mtu anajua mwanangu yuko London."

"Basi waambie na hili: anajifunza kukaa."

"Akirudi, asinitazamie uwanja wa ndege," Himid alisema, akakata simu.

Harith aliikubali nafasi ile siku ya Alhamisi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alipokuwa akifunga sanduku, Jokha alimletea lile gazeti la mlangoni ili afungie viatu visichafue nguo. Akavigeuza, akazitazama soli zake zisizo na tope. Akalikunja gazeti, akaondoka nalo.