Somo la Kusema "Sijui"

Sebule yetu iligeuka karakana ya nyuzi. Ukutani tulibandika karatasi mbili ndefu: kushoto, kila ujuzi ambao waajiri wanautaka kwa mhitimu, kulia, masomo ya shahada mpya ya ufundi wa mashine za hospitali niliyokuwa nikiiandikia chuo chetu. Kutoka kila ujuzi hadi somo lake nilivuta nyuzi nyekundu za sufu nilizomnyang'anya mama mkwe, aliyekuwa akimfumia mjukuu wake sweta. Sharti la bodi ya chuo lilikuwa wazi: ukibaki ujuzi hata mmoja usio na somo, shahada nzima inalala hadi mwaka ujao. Na mimi na subira hatujawahi kuelewana.

Uzi mmoja ulikuwa unaning'inia. Wakuu wa karakana za hospitali walikuwa wameomba jambo lile lile, kila mmoja kwa maneno yake: tupeni kijana anayeweza kusema "sijui" kabla hajafungua mashine.

"Huo ukate," alisema mume wangu, ambaye ndiye mkuu wa karakana pale chuoni. "Tutampaje mtu shahada ya kutojua?"

Wanafunzi wanamwita Kamusi, na si bure. Muulize njia katika mji ambao hajawahi kuutia mguu, atakuelekeza mpaka kibanda cha nyanya. Nampenda, lakini tangu anioe sijamsikia akikiri kuwa kuna kitu asichokijua.

"Siukati ng'o. Wenye mashine ndio wanaoomba."

"Haya, utautahini vipi?"

"Kuuliza si ujinga," mama mkwe akadakia bila kuinua macho. "Ujinga ni kuwaachia uzi wangu."

Tulicheka, na katikati ya kicheko wazo likanijia. Niliinuka ghafla hata chai ikamwagika.

"Tuwawekee mashine ambayo hawajafundishwa," nikasema. "Siku ya mtihani wa vitendo, iwe pale pale katikati ya zile wanazozijua. Atakayeichokonoa, sifuri. Atakayeweka bisibisi chini, akaibandika 'Isitumike', akataja nani wa kuulizwa, anabeba alama zote."

Kamusi aliisogelea karatasi ya masomo. Kisha macho yakamwaka, akaanza kunitajia mashine zinazofaa, na mimi nikawa nakata nyuzi na kufunga. Uzi uliokosa pa kwenda ukapata kila somo la karakana. Mama mkwe aliutazama ukuta, akautazama mfuko wake mtupu, akasema mjukuu atavaa fulana.

Asubuhi ya kikao tulizibandika upya karatasi zile mbele ya bodi. Mwenyekiti, mama mwembamba asiyetabasamu ovyo, alizifuata nyuzi kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kwenye "sijui" akasimama.

"Hili atalifundisha nani?"

"Mkuu wa karakana," nikajibu.

Akamgeukia mume wangu, akamwonyesha picha kwenye simu yake. "Hii ni pampu ya dripu. Hospitali ya jirani wameletewa juzi tu. Inapiga kengele hata kama dripu inakwenda vizuri. Tatizo lake ni nini?"

Nilimtazama mume wangu. Pampu ya namna ile hakuwahi kuiona, hilo nililijua vizuri, na nilijua pia kwamba kutoijua hakujawahi kumzuia kuieleza. Akianza kubuni, shahada yangu inalala, na wino wote niliomwaga unakwenda na maji. Niliiona ile pumzi yake ndefu ya kuanzia hotuba ikiingia. Nilitaka kumkanyaga mguu, ila meza ilikuwa pana.

Pumzi ikatoka bila neno. Akaitazama tena picha.

"Sijui," akasema. Akakohoa. "Sijapata kuiona. Fundi wa hospitali hiyo atakuwa ameshaanza kuizoea. Nitamwomba aje atufundishe, na mimi nitakaa na wanafunzi nimsikilize."

Mwenyekiti akaliandika jina la mume wangu kando ya ule uzi, kisha akatangaza kuwa shahada imepita. Viti vikasogezwa, watu wakaanza kunipa mikono, na furaha ilinijaa hadi nikawa nawashukuru bila kuwatazama. Macho yangu yalikuwa kwa mume wangu. Alibaki amesimama palepale, uso umemwiva, akingoja kuchekwa. Hakuna aliyemcheka.