Kwato Iliyomeguka

"Shangazi, yule mtu anatukana wanawake jukwaani, na wewe umevaa kofia yake."

Efrazia alikuwa amefika Nyanungu kutoka Issenye, anakofundisha, kwa jambo moja tu: kumsihi shangazi yake, Boke, asimpigie kura Kiberiti. Mgombea alikuwa na jina lake, lakini tangu aliposhuka Tarime kuomba urais, akachomoa kiberiti mfukoni na kusema hiki ndicho hakimu wa wezi wa ng'ombe, hakuna aliyemwita vinginevyo.

"Anatukana, ndiyo," Boke alisema, akiendelea kupepeta ulezi. "Mume wangu alipouawa kwa mshale zizini hapo, viongozi wenye adabu walikuja. Wakanipa pole nzuri na namba ya jalada la polisi. Miaka sita ninayo. Wewe mwalimu, niambie, namba hiyo inakamuliwa saa ngapi?"

"Atachoma na wasio na hatia."

"Asiye na hatia nyayo haziishii kwake."

Efrazia aliondoka bila kumaliza uji.

Siku nne kabla ya uchaguzi, ng'ombe watano wa Boke waliswagwa alfajiri. Yowe likapigwa, wanaume wakatoka na mapanga na pinde, wakafuata nyayo. Huku, boma ambako nyayo zimeishia ndilo linalojibu. Zamani kujibu kulikuwa kulipa ng'ombe. Safari hii vijana walitembea wakitikisa viberiti mifukoni.

Kwenye kijito nyayo zilitawanyika. Wanaume wakabaki wakibishana. Boke, anayeijua mifugo yake, akapanda ng'ambo peke yake. Aliiona alama ya kwato ya dume lake, ile iliyomeguka upande. Ilipita ua wa jirani, Erasto, bila kugeuka, ikaenda mpaka kwenye lango la Nchagwa, mume wa Elieth, binti yake wa pekee.

Elieth alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Hakumwamkia mama yake. Alitazama chini.

Sauti za vijana zilikuwa zinapanda kutoka kijitoni. Boke alifungua banda la mbuzi la mkwewe, akawatoa wote, akawaswaga juu ya zile nyayo kuanzia langoni mpaka kwenye ua wa Erasto. Hapo vijana wakamkuta.

"Zimeishia wapi, mama?" aliuliza Waisiko, kiongozi wao.

Boke alitazama matope. Kwato za ng'ombe zilionekana wazi mpaka kwa Erasto. Baada ya hapo, mbuzi tu.

"Kwani ninyi hamna macho?" alisema.

Erasto hakuulizwa mara mbili. Paa la nyasi lilishika moto upesi. Felista, mkewe, alimtoa mtoto. Erasto alirudi ndani kumfuata mama yake mzee, na hawakutoka.

Siku ya kura foleni ilizunguka shule ya msingi yote. Boke alijikuta nyuma ya Felista, ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji, mtoto amelala mgongoni.

"Umekuja, mwanangu," Boke alisema.

"Nimekuja, mama. Kuna mtu alizivuruga zile nyayo kwa mbuzi. Nilikwenda kuripoti polisi, wakanipa karatasi yenye namba." Alisogea hatua moja mbele. "Nampa Kiberiti. Huyu akiingia, aliyetufanyia hivi ataungua."

"Lete nikushikie mtoto," Boke alisema.

Zamu yake ilipofika aliingia naye mgongoni. Aliutazama uso wa Kiberiti kwenye karatasi. Alimfikiria Nchagwa, ambaye yeye Boke hawezi kumshtaki popote, anatafuna nyama ya dume lake. Akamfikiria Elieth mlangoni. Kalamu ilisimama muda mrefu, mpaka msimamizi akakohoa. Kisha mkono ukaenda kulekule hasira yake ilikokuwa ikielekea kwa miaka sita.

Nje, Felista alikuwa akimsubiri.

"Umempa?"

"Nimempa."

Ilikuwa kweli. Wakashika njia ya nyumbani pamoja, na Boke hakumrudisha mtoto, kwa sababu mikono ya Felista ilikuwa bado haiwezi kubeba.