Swali la Tisa

Nilimpima mama yangu kwa sababu ya uvivu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kumbukumbu za wazee wanaochuma chai, na msimamizi wangu, Daktari Nyamweya, alitaka nijaribu maswali ya kupima usahaulifu kwa mtu mmoja kabla ya kuzunguka vijijini. Mama alikuwa karibu, hapa nje ya Kaplong, na chai yake iko nyuma ya nyumba. Nikakaa naye jikoni asubuhi, fomu magotini.

Alinimiminia chai kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni. Nilifurahi, nikadhani ni heshima ya digrii.

Alianza vizuri. Siku ya juma alijua, jina la chifu alijua, na maneno matano niliyompa akakumbuka matatu. Tukafika swali la tisa: una watoto wangapi?

"Wapo," akasema.

"Wangapi, mama?"

"Si wapo tu. Wale Mungu alinipa." Akainuka kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Nikaandika sifuri. Vitabu vyangu vinasema mtu asiyejua idadi ya watoto wake ameshaenda mbali, na huko aendako harudi.

Kwa wiki tatu niliishi kwa woga. Nilificha kiberiti. Akisita mlangoni kidogo, namshika mkono. Akichelewa kisimani, natoka mbio bila viatu. Nilimfuata hadi shambani kutazama vidole vyake: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ufito umelazwa juu ya miti ya chai ili achume kwa kimo kimoja. Hakukosea hata mara moja. Hilo halikunituliza, kwa kuwa vidole hukumbuka hata kichwa kikishasahau, nalo nimelisoma. Nilianza kuchukia kusoma. Na kila asubuhi nilikunywa chai kwenye kikombe cha maua, nikimtazama, nikijiuliza ni lini atanisahau.

Jumamosi mdogo wake, mama mdogo Rebeccah, alikuja kutoka Bomet. Nilimvuta nyuma ya zizi nikamwambia yote. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Wewe Chepngeno, na hiyo masters yako! Nani anahesabu watoto? Hata ng'ombe hatuhesabu. Ukihesabu ni kama unaita kifo kikuje kipunguze. Mama yako angekutajia namba, hapo ndio ungeogopa."

Nimekaa bweni tangu darasa la nne, lakini hata hivyo nilipaswa kujua. Swali lilitungwa na watu wa mbali, mimi nikalitafsiri kwa Kipsigis safi kabisa, nikamuuliza mzazi wangu jambo ambalo haliulizwi. Mjinga mkubwa! Nililia kwa furaha palepale penye samadi. Kisha nikaifuta ile sifuri hadi karatasi ikatoboka.

Alasiri hiyo nikarudi jikoni na swali jipya, lenye adabu.

"Mama, nitajie watoto wako. Usihesabu, taja majina tu."

Uso wake ukachangamka. "Hiyo ni rahisi. Kiplangat ndiye wa kwanza, anafanya kazi kaunti. Halafu Weldon, huyo anapenda ng'ombe kuliko watu. Winny aliolewa huko Chebunyo."

Kwa kila jina niliweka alama ya vyema, kubwa kuliko inavyotakiwa. Lilibaki moja tu.

"Na kitinda mimba wangu, Chepngeno. Huyo ana kichwa, anasoma chuo kikuu."

Nikaweka alama ya mwisho. Wiki tatu za hofu zikanitoka kifuani kwa pumzi moja. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshainuka, anatafuta kitu kabatini.

"Anakujaga wakifunga chuo," akaendelea, akaniwekea kikombe cha maua mbele yangu na kukijaza chai kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Kunywa, mwalimu. Ukikaa siku mbili tatu mtaonana."