Fundi Nyuma ya Gari ya Ndoa

Gari ya spoti ya Tshimanga iko na viti viwili tu. Mwaka mzima inalala chini ya turubai, inatoka kwa ajili ya ndoa za Likasi peke yake. Siku ya ndoa yangu, Elikia, bibi harusi wangu, alipanda kando ya Tshimanga. Miye, bwana harusi, nikafuata kwa miguu. Mbele yetu fanfari ya matarumbeta ilikuwa inacheza: inasogea kidogo, inarudi nyuma, na gari nayo vilevile.

Tulipofika Shituru, gari ikaanza kunuka moto. Shangazi yangu akakemea pepo wa wivu. Wanakwaya wakawekea boneti mikono.

Nikakasirika. Miye ni fundi wa magari, jamani! Nikaingiza kichwa dirishani.

"Tshimanga, ni embrayage, ile klachi, inaungua! Kwa nini unashika pedali nusu-nusu? Toa muguu yote, kanyaga mafuta, kimbia!"

"Weye ndiyo fundi," akajibu.

Gari ikachomoka mbio, fanfari nzima ikarukia mtaroni.

Baadaye simu yangu ikalia: ni Tshimanga.

"Rolly, ndugu yangu, ulisema kweli! Tumeshaacha Likasi mbali, tunapita Kapolowe, na harufu haiko tena!"

Kando yake nikasikia sauti ya Elikia: "Ongeza mwendo."