Mvumaji wa Karagita

Mimi si mtu wa kunyamaza, waulize majirani wa ploti yetu hapa Karagita. Muhula uliopita wazazi walipocheka mradi wa Natalie wangu niliwajibu kwa sauti ya juu, na mtoto akakataa kwenda shule siku mbili kwa aibu. Safari hii niliapa: hakuna atakayemcheka tena.

Kazi ilikuwa kumlinganisha kinyonga na ndege mvumaji. Lakini mtaala huu wa CBC mnaujua, mtoto anapewa kazi, mzazi ndiye anayetoka jasho. Kinyonga nilimtoa kwenye fensi kwa kijiti, nikipiga nduru kila hatua, woi! Mvumaji nilimvizia kwa mishubiri iliyo kando ya geti la shamba la maua ninakofanya kazi, lanchi nzima, simu mkononi, mpaka kandege kakaja kunyonya. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, wakanichapishia picha yake.

"Wote wana ndimi ndefu," nilimwambia Natalie tukibandika picha ya ndege kwenye karatasi ya manila. "Wa kinyonga wa kunasa nzi, wa mvumaji wa kunyonya maua. Huyu hana haraka, yule hatulii hata kidogo."

Natalie aliitazama ile picha sana, kisha akanitazama mimi. "Iko sawa, mama," akasema.

Ijumaa wazazi tulijaa darasani, kinyonga akiwa ndani ya beseni. Mwalimu Odero akasogelea chati yetu, akashika miwani.

"Lakini huyu ni ndege aitwaye chozi. Wavumaji wako Amerika tu, huku kwetu hakuna hata mmoja."

Kicheko kikaanzia nyuma. Damu ikanichemka, nikasimama. Natalie akanivuta sketi.

"Ni mimi nimekosea, mwalimu," akasema, kichwa juu. "Mama aliniambia niangalie kitabu vizuri."

Haki ya Mungu, sikuwahi kumwambia hivyo. Nikakaa. Kinyonga naye, hakuna aliyemwona akitoka kwenye beseni, alikuwa ameshafika kwa mkono wa shati la Odero. Mwalimu alipiga nduru kunishinda mimi, na darasa zima likavunjika mbavu.

Njiani nikamuuliza, "Kwani ulijua si mvumaji?"

"Tangu siku ya picha."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi sana, mama. Na wewe ukichekwa, tukifika nyumbani unalia. Mimi nishazoea."

Nilimbeba mgongoni na miaka yake tisa, watu wakitutazama, mpaka mlangoni kwetu.